Mwanangu Ashindwe, Mtaro Ufike kwa Baba Yake

Ndugu Mhariri,

Nakuandikia nikiwa mezani jikoni, buti za mpira bado zimo miguuni, kwa sababu nimetoka sasa hivi kaburini kwa mume wangu na nikizivua nitalazimika kuzivaa tena kabla jua halijazama. Pokea salamu zangu, wewe na mkeo na yule binti wa ofisini kwako anayepokea simu kwa sauti ya usingizi. Shule niliiacha darasa la nane nikaenda kiwandani kunyonyoa kuku, basi ukikuta sentensi imepinda inyooshe. Ila usiinyooshe mno. Barua yangu ya mwaka juzi kuhusu mbwa anayeingia kanisani uliinyoosha hata ikaonekana nataka mbwa yule awe mzee wa kanisa.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi ujao tunapiga kura, na mwanangu Harlan Wimbrow anagombea tena ubunge wa jimbo letu la Delaware, kwa eneo letu hili la kusini, ili aendelee kwenda kukaa kule Dover bungeni. Naomba kwa heshima zote gazeti lako liwasihi wasomaji wasimchague. Sina ugomvi naye. Ni mtoto wangu wa pekee, nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili, na nampenda kuliko pumzi yangu. Ndiyo maana naomba ashindwe, tena ashindwe vizuri, asije akapata la kudai kura zihesabiwe upya.

Najua watu watasema ni mama gani huyu. Burley Purnell, jirani yangu anayetega panya wa kinamasi, ameshasema. Aliegemea uzio akaniambia, "Arvilla, kuku gani anayekula yai lake?" Nikamjibu kwamba yai langu lilianguliwa miaka arobaini na saba iliyopita, na sasa linawika Dover wakati banda linavuja.

Nitayapanga malalamiko yangu kwa namba, kama mchungaji wetu anavyofanya ili watu wapate matumaini kwamba mahubiri yana mwisho.

Lalamiko la kwanza ni mtaro.

Nyuma ya nyumba yangu kuna mtaro ambao haujakwisha. Unaanzia barabarani na unatakiwa ufike kwenye mierezi iliyoko mwisho wa shamba la soya, ambako wamelala watu wa ukoo wa Wimbrow, na wa mwisho kulazwa ni mume wangu Asher. Wewe ni wa huku, unajua ardhi yetu ilivyo bapa kama sahani. Maji ya mvua huku ni kama mgeni mwenye haya: usipomwonyesha mlango, atakaa hapo hapo alipo. Basi yanakaa kwa Asher. Yalianza kukaa tangu zilipojengwa zile nyumba mpya za watu wanaopenda bahari, na sasa hayaondoki. Baridi iliyopita shada nililomwekea Krismasi nililikuta linaelea. Jiwe limeinama upande, na kwenye jiwe hilo jina langu limeshachongwa kando ya lake, pamebaki tu mahali pa mwaka. Kwa hiyo nadhani nina haki ya kuulizia hali ya chumba. Na Asher alikuwa mtu wa kuogopa maji. Hata tukivuka daraja la Indian River alikuwa akishika mlango wa gari kwa mikono miwili, na dereva ni yeye.

Sasa, ukitaka kujua historia ya siasa ya mwanangu, usijisumbue kufukunyua magazeti yako ya zamani. Njoo na buti tutembee kwenye mtaro. Nitakuonyesha.

Mara ya kwanza Harlan aligombea kwa chama cha punda, maana vyama vyetu vikubwa ni viwili, chenye nembo ya punda na chenye nembo ya ndovu, akashindwa. Alhamisi yake, siku mbili baada ya kura, kama desturi yetu ilivyo, alikwenda Georgetown kwenye Siku ya Kurudi, ambapo washindi na washindwa hukutana kupatana, akapanda gari la farasi akakaa ana kwa ana na mzee aliyemshinda, wakazungushwa mji mzima wakipunga mikono. Akasikiliza matokeo yakisomwa kutoka barazani juu ya mahakama, akala mkate wenye nyama ya ng'ombe aliyechomwa mzima, akashuhudia wakubwa wa vyama viwili wakikizika kile kishoka cha ugomvi, kuonyesha kwamba uhasama wa kampeni umekwisha. Ijumaa asubuhi nikasikia koleo. Nilichungulia dirishani, nikamwona yuko nyuma ya nyumba na suruali ya suti, anachimba. Nilikaanga mayai. Alichimba kila siku ardhi ilipokubali, kutoka barabarani hadi kwenye kalavati, na kila jioni alikula kwangu, kuku na yale matonge yangu ya unga yanayoteleza. Kipande hicho kimenyooka kama rula. Mwanangu hawezi kuvumilia kitu kilichopinda. Tangu mdogo alikuwa akiamka mezani kwenda kunyoosha picha ukutani.

Mara ya pili alishinda. Mara ya tatu akashinda. Koleo alikuwa ameliacha limechomekwa pale kwenye kalavati, na kwa miaka yote minne ya utumishi wake kwa umma kazi ya koleo ilikuwa kukaliwa na ndege.

Mara ya nne akasimamishwa dhidi yake Loretta Tingle wa chama cha ndovu, yule mwenye duka la mbegu, na Loretta akamfagia. Alhamisi wakapanda gari moja. Nilikuwa nimesimama karibu na farasi nikawasikia. Loretta akamwambia, "Punga mkono, Harlan, watu wanakutazama." Akasema, "Nipunge kwa lipi, nami nimeshindwa?" Loretta akasema, "Punga tu. Hakuna anayejua yupi ni yupi." Ijumaa, koleo. Hapo ndipo tulipopata kipande cha pili, kutoka kalavati hadi kwenye kisiki cha mpichi, na kwa mwaka ule na uliofuata nilikuwa na mtoto. Alinitengenezea mlango wa banda la kuku. Aliketi nami barazani tukimenya maharage. Siku moja aliniambia kwamba akichimba anahisi kama baba yake amesimama nyuma yake akimkosoa, na kwamba si vibaya. Sijawahi kumsikia akisema neno zuri kama hilo kwenye kipaza sauti.

Mara ya tano alihamia chama cha ndovu. Loretta kwa hasira akahamia cha punda. Walibadilishana kama watoto wanaobadilishana kofia, na nadhani hotuba nazo walibadilishana, maana zilikuwa zilezile. Harlan akashinda. Mara ya sita akashinda tena. Mtaro bado uko kwenye kisiki. Kutoka kisiki hadi kwa Asher ni kipande kimoja tu, Ndugu Mhariri. Ni kushindwa kumoja. Siombi zaidi ya hapo.

Lalamiko la pili ni kazi aliyoufanyia mtaro huo akiwa mshindi, ili asije mtu akasema namsingizia kwamba hakufanya.

Alifanya mengi. Kwanza alipitisha azimio bungeni la kuutambua. Ulitambuliwa kwa kauli moja, na maji hayakusikia. Kisha akaunda tume ya kuchunguza maji ya eneo letu. Tume ilikuja na gari tatu, ikasimama kwenye shamba langu na miavuli, ikala matonge yangu, na baada ya miezi mingi ikatoa taarifa kwamba maji huelekea penye bonde. Burley alisema angewaambia hivyo kwa kikombe cha kahawa. Halafu mwanangu alikuja mwenyewe na mpiga picha na utepe mwekundu, akaazima buti za baba yake zilizo nyuma ya mlango, akasimama ndani ya kipande cha kwanza, kile alichokichimba aliposhindwa, akakizindua kama mradi wa kipindi chake cha ushindi. Wakawa hawana mkasi. Nikatoa wangu wa kushonea. Alikata utepe, watu wakapiga makofi, akaondoka na mkasi. Tangu siku hiyo nakata uzi kwa meno, na meno yenyewe unajua si yote yangu.

Lalamiko la tatu. Jumapili moja alikuja kanisani kwetu, maana wakati wa kampeni hupita makanisa yote, hata yale ambayo watu wake hawapigi kura. Ibada ilipokwisha akasimama mlangoni kando ya mchungaji akishika mikono ya watu wanaotoka. Nami nikapanga foleni, ningefanyaje, ndiyo njia ya kutokea. Zamu yangu ilipofika akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanitazama machoni kwa yale macho yake ya bangoni, akasema, "Nafurahi sana kukuona, mama. Nategemea kura yako." Akanipa kadi yenye picha yake.

Nikamwambia, "Harlan, funga kamba ya kiatu."

Alishtuka kidogo, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine. Akainama akafunga. Nikawaona watu nyuma yangu wakisubiri, nikasogea. Kutoka kwangu hadi kwake ni dakika kumi na tano kwa gari. Akishindwa, ni dakika kumi na tano kweli. Akishinda, dakika hizo hugeuka safari ya wana wa Israeli jangwani.

Lalamiko la nne ni dogo na ningeliacha, lakini nimeshaandika namba. Ni lile bango. Watu wake wa kampeni walikuja nikiwa sokoni wakachomeka bango kubwa kwenye kitanda changu cha maua, lenye uso wake, mbele ya dirisha la jikoni. Basi kila asubuhi nikiosha vyombo ananitabasamia. Sijui kama umewahi kutabasamiwa na mtoto wako wiki nzima bila yeye kukuuliza habari ya mgongo. Nilisema nitaling'oa. Ila mvua ikianza kunyesha natoka naliingiza ndani, naliegemeza karibu na jiko likauke, maana ni uso wake.

Lalamiko la tano linahusu mimi mwenyewe kufanywa mshindwa bila kugombea.

Ile mara ya sita hakuna aliyejitokeza kumpinga. Loretta alikuwa anauguza goti, na wengine walisema hawana nguvu za kushindana na mtu mwenye tabasamu lile. Siku ya Kurudi ikafika. Gari la farasi la eneo letu lina viti viwili vinavyotazamana, cha mshindi na cha mshindwa. Mwanangu akapanda, na mbele yake kiti kitupu. Wapanga msafara wakaanza kuguna. Wakasema haipendezi, watu watadhani mshindwa amenuna nyumbani, na desturi ya miaka mingi itavunjika. Bwana mmoja mwenye kofia ndefu akanitazama nilivyosimama na mkate wangu wa nyama mkononi, akasema, "Bi Wimbrow, hebu panda wewe."

Nikapanda.

Tukazungushwa mji mzima. Watu wakanipungia kwa huruma. Mwanamke mmoja nisiyemjua akapaza sauti, "Pole, mama, usikate tamaa, miaka miwili si mingi." Nikamshukuru, ningesemaje. Sikuwa nimekaa hivyo na mwanangu, magoti yakikaribia kugusana, tangu Pasaka. Nikaona Mungu amenipa nafasi, nisiipoteze.

Nikamwambia, "Harlan, maji yamefika kwa baba yako."

Alikuwa anawapungia watu wa upande wa benki. Akasema, "Tutalifanyia kazi, mama."

Nikasema, "Yamefika kwenye jiwe, mwanangu."

Akageukia upande wa pili, akapunga. "Tumelipokea, mama. Tutalifanyia kazi."

Na alisema kwa upole, Ndugu Mhariri. Angesema kwa ukali ningemchapa kofi mbele ya farasi na mambo yangekwisha. Alisema kwa upole kabisa, ule wa kumwambia mtu yeyote, ndiyo maana nililia. Watu wakadhani nakililia kiti cha Dover. Bwana mwenye kofia ndefu akanipa leso na kunisifu kwamba nimeshindwa kwa heshima.

Tangu siku hiyo najihesabu mshindwa halali wa eneo letu. Nilikaa kwenye kiti chake, nilipungiwa, nililia, na kishoka kilizikwa kwa niaba yangu. Na kwa kuwa mshindwa huku kwetu huachiwa aseme neno, neno langu ndilo hili linalofuata. Naomba wasomaji wako wavute viti.

Lalamiko la sita, ambalo ndani yake kuna mapendekezo.

Nimelifikiri jambo hili nikikoroga mchuzi, na mchuzi hauna haraka. Mwanangu akishinda hachimbi. Akishindwa anachimba. Nikasema labda ni yeye peke yake, kasoro ya malezi. Nikamtazama Loretta. Aliposhinda, duka la mbegu lilifungwa katikati ya msimu wa kupanda na watu wakaenda kununua mbali. Aliposhindwa, alipaka rangi jengo lote la zimamoto kwa mikono yake, na goti ndipo lilipoumia. Nikamkumbuka yule mzee aliyemshinda Harlan mara ya kwanza kabisa. Miaka yote aliyokaa bungeni hakuna anayekumbuka alifanya nini, lakini alipostaafu alitengeneza paa la shule ya Jumapili na halijavuja hadi leo. Kwa hiyo kasoro haiko kwenye watu. Watu ni wazuri. Kasoro iko kwenye kushinda. Kushinda kunawachachua kama maziwa yaliyosahauliwa kwenye gari.

Napendekeza basi tufanye uchaguzi ambao wote wanashindwa. Kampeni ziwepo, mabango yawepo, watoto warushiwe peremende kwenye maandamano kama kawaida, maana kuwanyima itakuwa dhambi. Lakini matokeo yakisomwa kutoka juu ya mahakama, kila jina lifuatiwe na neno "ameshindwa". Magari ya farasi yajae washindwa watupu wakitazamana. Kule Dover abaki mlinzi na mwenye kufagia. Ijumaa asubuhi kaunti nzima itasikia makoleo. Kufikia Pasaka mashamba yote yatakuwa makavu, paa zote zitakuwa zimezibwa, na kila mama atakuwa na mtu wa kumkaangia mayai.

Burley aliniuliza, na sheria je, nani atatunga? Nikamuuliza anakumbuka sheria gani mpya. Alifikiri muda mrefu, akasema ile ya rangi ya fulana ya mwindaji. Nikamwambia hiyo tunayo tayari, hatuhitaji nyingine.

Kama pendekezo hilo ni zito, ninalo jepesi. Kile kishoka huzikwa ndani ya sanduku la mchanga, wakubwa wa vyama wakishika mpini kwa pamoja na kutabasamu kama wachumba waliogombana njiani kuja harusini. Nimesogea nikaangalia. Kina cha shimo ni shubiri. Paka huzika kwa kina zaidi. Unashangaa nini basi kwamba ugomvi unatoka nje kabla mikate ya nyama haijaliwa ikaisha? Naomba kuanzia mwaka huu kishoka kizikwe nyuma ya nyumba yangu, kuanzia pale kwenye kisiki cha mpichi, shimo la kina cha kiuno, nao wachimbe wenyewe. Uchaguzi ujao wachimbe mbele yake, kwa mstari, kuelekea mierezi. Kama babu zetu wangekuwa na akili ya kukizika hivyo tangu mwanzo, mtaro ungekuwa umempita Asher na kufika baharini, na ugomvi ungekaa chini ulikowekwa.

Na kama hilo nalo haliwezekani, basi narudi kwenye ombi langu la awali, lisilohitaji mkutano wala tume. Mshindeni mwanangu. Ila mshindeni kwa upendo. Alhamisi akipita kwenye gari la farasi mpungieni, msimwache akitazama viatu. Mpeni nyama ya pembeni, ile iliyoungua kidogo yenye mafuta, ndiyo anayoipenda. Msimwambie pole nyingi, humfanya apige chafya, ndivyo anavyozuia machozi tangu mdogo. Mwacheni alale. Ijumaa mimi nitakuwa macho.

Nisalimie watu wote wa gazetini, na shangazi yako wa Laurel, na mchungaji ukimwona kabla yangu, umwambie mbwa bado anaingia. Msalimie pia Loretta Tingle, mwambie sina neno naye, rangi ya zimamoto ni nzuri ingawa ningechagua iliyoiva zaidi. Na Harlan ukimwona kwenye shughuli zake, usimwambie nimeandika. Muulize tu kama amekula.

Ni mimi, msomaji wako na mshindwa wa eneo letu,

Arvilla Wimbrow (mjane wa Asher)

Nyongeza. Barua hii imekaa juu ya friji ikimngoja Burley aende posta, na kabla hajaenda mambo yamegeuka, kwa hiyo nimefungua bahasha kwa mvuke wa birika.

Jumatatu asubuhi Loretta Tingle alikuja na kaka yake na katapila. Alishuka akichechemea, akasema, "Bi Arvilla, nimesikia ahadi ya mtaro huu katika kampeni zote, nyingine nimeahidi mwenyewe, na nimechoka." Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamechimba kutoka kisiki hadi mierezi. Maji yalisimama kidogo kama yasiyoamini, kisha yakaondoka. Kaka yake akalinyoosha jiwe. Niliwalisha matonge wakashindwa kuinuka. Asher amelala pakavu, Ndugu Mhariri. Nilikaa naye mpaka jioni na viatu vya kawaida.

Kwa hiyo kila nilichokilalamikia hapo juu kimetengenezwa, na sina tena sababu hata moja ya kutaka mwanangu ashindwe. Burley ameniambia niichane barua. Tena anasema nimpigie kura kwa amani, aende zake Dover, mtaro umekwisha, hakuna kilichobaki cha kuchimba.

Hilo neno la mwisho ndilo lililoninyima raha. Jana nimechukua lile koleo la kutu nikaenda upande wa pili wa mierezi, pasipo na maji wala kaburi wala sababu yoyote, nikaanza mtaro mwingine. Hauelekei popote. Nimefika hatua chache tu, mgongo umekataa, lakini nimeupinda vizuri, kushoto, kulia, kisha kushoto tena, kiasi kwamba mtu aliyezaliwa na Asher hawezi kuutazama akaenda kulala. Ichape barua yote kama ilivyo, ila nyongeza hii ifiche. Na waambie wasomaji wamshinde upesi, kabla ardhi haijaganda.